Nyota Zitorokazo

Dalili ya mvua ni mawingu; lakini kitu kisichotoa mwanga, kilichojificha katikati ya galaksi, dalili yake ni nini?

Kwa karne nyingi nyota zilidhaniwa kuwa zimekazwa mbinguni kama misumari. Mwaka 1718 Edmond Halley, Mwingereza, alilinganisha mahali pa nyota chache na maandishi ya Wayunani wa kale, akaona zimehama. Tangu hapo ilijulikana kuwa nyota husafiri.

Mwaka 1988 Jack Hills, mtaalamu wa Marekani, alieleza nyota ambayo hakuna aliyekwisha iona. Alifanya hesabu ya shimo jeusi lenye uzito wa jua mara milioni. Nyota mbili zilizofungamana zikilikaribia mno, huachanishwa: moja hunaswa ikalizunguka, ya pili hutupwa nje kama jiwe la kombeo, kwa mwendo uwezao kufika kilomita 4,000 kwa sekunde. Nyota moja tu ya namna hiyo, ikitoka katikati ya galaksi yetu, ingekuwa karibu ushahidi kamili wa shimo hilo.

Shahidi alikawia miaka 17. Mwaka 2005 Warren Brown na wenzake walitangaza nyota iliyokuwa ikitukimbia kwa kilomita 853 kwa sekunde. Hawakuwa wakiitafuta, walikuwa wakichunguza nyota hafifu za buluu zilizo pembezoni mwa galaksi, kwa darubini ya kioo cha mita 6.5 iliyoko Arizona. Mwanga wake, uliosogea upande wa wekundu, ndio uliofichua siri. Hata mwendo wa jua letu ulipoondolewa katika hesabu, zilisalia kilomita zipatazo 700: mvuto wa galaksi hauwezi kuirudisha.

Hata hivyo ushahidi ulikuwa na pengo. Kasi ilijulikana, lakini njia iliyopitwa haikuthibitika. Mwaka 2019 Sergey Koposov na wenzake walitangaza nyota S5-HVS1, iliyoonekana kwa darubini ya Siding Spring, Australia, ikienda zaidi ya kilomita 1,700 kwa sekunde. Kwa vipimo vya chombo Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, njia yake ilifuatwa kwa hesabu kurudi nyuma, ikaishia katikati ya galaksi, ilikotoka yapata miaka milioni 5 iliyopita.

Hivyo kisichoonekana kilishuhudiwa na kilichokikimbia. Hills alikuwa na hesabu bila nyota; Brown alipata nyota akitafuta nyingine. Elimu iliwahitaji wote wawili: athubutuye kusema kabla ya kuona, na asiyepuuza aonacho kwa kuwa hakukitarajia.