Matumizi ya akili bandia katika uchumi wa China

Matumizi ya akili bandia katika uchumi wa China ni jitihada za serikali na makampuni ya nchi hiyo za kuingiza akili bandia (pia: akili unde au akili mnemba) katika viwanda, bandari, usafiri, tiba na huduma za umma. Tangu mwaka 2024 serikali huziita "Akili Bandia +" (kwa Kichina: 人工智能+). Alama ya kujumlisha inaonyesha kwamba teknolojia hiyo haihesabiwi kuwa sekta ya pekee tu, bali ni kitu cha kuongezwa kwenye kila sekta iliyopo.

Historia

Mwaka 2015 serikali ilitangaza mpango wa "Intaneti +", uliohimiza biashara na viwanda kutumia mtandao. Mnamo Julai 2017 Baraza la Serikali lilitoa Mpango wa Maendeleo ya Akili Bandia ya Kizazi Kipya wenye hatua tatu: 2020, 2025 na 2030. Thamani ya sekta yenyewe ililengwa kupanda kutoka yuan bilioni 150 mwaka 2020 hadi bilioni 400 mwaka 2025 na trilioni 1 mwaka 2030.

Mwaka huohuo Wizara ya Sayansi na Teknolojia iliyapa makampuni manne majukumu ya kuongoza: Baidu (magari yanayojiendesha), Alibaba (uendeshaji wa miji), Tencent (picha za kitabibu) na iFlytek (utambuzi wa sauti).

Machi 2024 waziri mkuu Li Qiang alitangaza "Akili Bandia +" katika ripoti ya kazi ya serikali. Agosti 2025 Baraza la Serikali lilitoa mwongozo unaolenga vifaa na programu za aina hiyo kuenea kwa zaidi ya 70% kufikia 2027 na zaidi ya 90% kufikia 2030.

Matumizi

Kiwandani, kazi ya kawaida ni ukaguzi wa ubora. Kamera hupiga picha ya kila bidhaa inayopita, na programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za bidhaa nzima na zenye kasoro huamua ipi iondolewe. Vihisi vinavyopima joto na mtetemo wa mashine humwezesha fundi kuitwa kabla mashine haijaharibika. Katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani duniani zimefungwa nchini China. Hata hivyo si kila roboti ina akili bandia, kwa kuwa nyingi hurudia tu mwendo uliopangwa.

Katika bandari ya Tianjin, gati lililofunguliwa mwaka 2021 hutumia magari yasiyo na dereva kubeba makontena. Mwaka 2022 Baidu ilipewa kibali cha kuendesha teksi zisizo na dereva katika sehemu za Wuhan na Chongqing.

Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ya Hangzhou ilitoa modeli ya lugha ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua na kuitumia kwenye kompyuta zake. Hatua hiyo ilipunguza gharama kwa makampuni yasiyoweza kujenga modeli zao.

Sheria

Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2021. Kanuni za muda kuhusu akili bandia inayozalisha maandishi na picha zilifuata tarehe 15 Agosti 2023. Tangu 1 Septemba 2025 maudhui yaliyotengenezwa kwa akili bandia ni lazima yawekwe alama.

Changamoto

Tangu Oktoba 2022 Marekani imezuia chipu za kompyuta zenye nguvu zaidi kuuzwa China, jambo lililosukuma makampuni ya nchi kama Huawei kutengeneza za kwao. Viwanda vidogo navyo hukosa mtaji, wataalamu na kumbukumbu za kidijiti zinazohitajika kuifunza programu.

Suala la ajira ni zito. Mwaka 2024 wenye teksi mjini Wuhan walilalamika kwamba magari yasiyo na dereva yanawanyang'anya abiria. Mkaguzi wa bidhaa au dereva anayepoteza kazi hawezi kuhamia mara moja kwenye kazi mpya ya kusimamia mashine, hivyo faida ya kiwanda inaweza kuwa hasara ya familia yake.

Vilevile mashirika ya haki za binadamu yamelaumu matumizi ya kamera za utambuzi wa nyuso kufuatilia wananchi, hasa Waiguri wa mkoa wa Xinjiang.

Tazama pia

Akili bandia
Roboti
Uchumi wa China