Maktaba ya Kanda ya RTD

Hifadhi ya muziki wa dansi, taarabu, ngoma, mashairi na hotuba za Mwalimu Nyerere zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), iliyoanza kutumia jina hilo mwaka 1965. Leo hifadhi hii iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kwa kuwa viwanda vya santuri vilikuwa nje ya nchi, hasa Nairobi, studio ya RTD ya Barabara ya Pugu ilikuwa tegemeo la bendi za NUTA Jazz, Morogoro Jazz na wenzao. Mashairi ya wimbo yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi nzima ilipiga kwa mkupuo mmoja. Mpiga tarumbeta akiteleza, wote walianza upya. Rekodi hizo ziko kwenye kanda za sumaku, ambazo huchakaa upesi katika joto na unyevu wa pwani.