Kifuniko, si Ufunguo

Mwaka 1810 Joseph Haliday, kiongozi wa bendi ya wanamgambo wa Cavan huko Ayalandi, alipata hataza ya buruji iliyotobolewa matundu matano ubavuni. Buruji ya kawaida ya jeshi ni bomba tupu. Mpigaji hupata sauti chache tu, kwa kukaza na kulegeza midomo. Tundu likifunguliwa, hewa inayotetemeka ndani hufupika na sauti hupanda. Sasa buruji iliweza kupiga wimbo kamili.

Kila tundu lilikuwa na kikombe kidogo cha shaba chenye ngozi laini ndani, kilichoshikizwa kwenye wenzo wenye springi. Kidole kikibonyeza, kikombe huinuka, kikiachia, hurudi. Katika buruji za baadaye za aina hii, kimoja tu, kilicho karibu na mdomo mpana wa ala, hufanya kinyume: hukaa wazi mpaka kibonyezwe.

Tukiite nini kifaa hicho? Lugha kadhaa za Ulaya hukiita ufunguo. Hata ofikleidi, ala nene ya besi aliyoibuni Halary mjini Paris mwaka 1817, imepewa jina la Kigiriki lenye nyoka na ufunguo ndani yake. Kwetu neno hilo litapotosha, maana ufunguo wa muziki ni ile alama inayotangulia noti kwenye mistari. Kizibo nacho huchomekwa ndani ya tundu, na hiki hulalia juu yake. Nashika kifuniko: buruji ya vifuniko, tarumbeta ya vifuniko.

Kitufe tukiachie tarumbeta za beni. Vitufe vyake vitatu huendesha vali, na vali hurefusha njia ya hewa, hivyo sauti hushuka. Sauti yote hutokea mdomoni mwa ala. Penye vifuniko hutorokea ubavuni pia, na kila noti huwa na rangi yake. Ndivyo ilivyokuwa tarumbeta ya Anton Weidinger wa Vienna, ambaye Haydn alimtungia koncheto mwaka 1796.

Buruji, kwa upana wa bomba lake, ilistahimili kasoro hiyo vizuri zaidi, na ladha yake tamu iliziteka bendi za Marekani. E. G. Wright wa Boston aliunda buruji za vifuniko kwa fedha, na mwaka 1850 aliunda moja ya dhahabu kwa ajili ya D. C. Hall, kiongozi wa bendi ya Lowell, wakati vali zilikwisha kuenea kila upande.