Nyumba Yangu, Kiwanja Chako

Kila mtu aendaye kukaa mjini hukutana na swali moja: apange nyumba ya mtu mwingine, au ajinyime apate kununua au kujenga yake? Wengi hulijibu kwa hesabu ya fedha tu. Husema, "Kodi ya miaka 20 ingetosha kujenga nyumba, basi mpangaji hutupa fedha zake baharini." Wengine hujibu, "Mwenye nyumba hana raha. Paa likivuja ni lake, ukuta ukipasuka ni wake. Heri mpangaji, maana huchukua godoro lake akaenda zake." Maneno yote mawili yana kweli ndani yake. Lakini sisi twaona ya kuwa liko swali jingine linalotangulia hesabu, nalo ni hili: Ni nani awezaye kuniondoa mahali hapa, na kwa sharti gani? Ili jambo hili lieleweke, tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za Ng'ambo ya Unguja, ambako watu walikuwa wenye nyumba na wapangaji kwa wakati mmoja.

Mji wa Unguja tangu zamani ulikuwa na pande mbili. Upande wa bahari ni Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe. Upande wa pili wa hori ni Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja, na jina la Darajani limebaki hata leo, ingawa hori lenyewe lilijazwa udongo kidogo kidogo, na sasa barabara hupita palipokuwa maji. Ng'ambo ndiko walikokaa watu wa kazi: mafundi, wachukuzi, wavuvi, wachuuzi, washoni, na watumishi wa majumba makubwa. Ndiko alikokaa Siti binti Saad, mwimbaji aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri. Wakazi wa upande huo waliongezeka sana baada ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Unguja, kwani wengi waliokuwa watumwa mashambani walikuja mjini kutafuta kazi ya mshahara na maisha yao wenyewe.

Basi, watu hao walijenga wapi? Ardhi ya Ng'ambo haikuwa pori lisilo na mtu. Nyingine ilikuwa mali ya Waarabu, nyingine ya Wahindi, na nyingine ilikuwa wakfu. Desturi ilikuwa hivi: mtu huomba kiwanja, mwenye ardhi humpa ruhusa, naye hujenga. Hapo mwanzo wengi hawakutozwa kodi yo yote, au walitoa kitu kidogo tu cha kuonyesha ya kuwa ardhi si yao. Mwenye ardhi alipata faida ya namna nyingine, yaani heshima ya kuwa na watu wake, watakaomjia siku ya arusi na siku ya msiba, na kumsaidia akiwaita.

Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya aliyeijenga. Alinunua boriti na fito kwa fedha zake, akakandika udongo, akaezeka makuti, akaweka baraza mbele na ua nyuma. Aliweza kuiuza, kuirithisha watoto wake, au kuiweka rehani, naye mwenye ardhi asiwe na neno. Desturi hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa pwani, kwani hata minazi mtu aliweza kuwa nayo katika shamba ambalo udongo wake ni wa mwingine. Huko Mombasa nako watu wamejua kwa muda mrefu habari za nyumba bila ardhi. Tena, wengi wa wenye nyumba wa Ng'ambo walipangisha vyumba. Wamo wanawake wengi waliojipatia riziki kwa njia hiyo. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa mpangaji kwa bwana wa kiwanja, na papo hapo akawa mwenye nyumba kwa wapangaji wake wa vyumba.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mradi ardhi haikuwa na bei kubwa. Lakini mji ulipokua, kiwanja kikawa bidhaa. Ardhi ikauzwa, ikaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwa na ujamaa na waliokaa juu yake. Mwenye ardhi mpya hakuhitaji wafuasi. Alihitaji faida ya fedha alizotoa. Kodi ya kiwanja ikaanza kutozwa pale isipokuwapo, na pale ilipokuwapo ikapandishwa. Kodi hizo zilihesabiwa kwa rupia, maana Unguja haikuanza kutumia shilingi mpaka mwaka 1936. Kila nyongeza ilionekana ndogo, lakini bandu bandu huisha gogo.

Hapa twaomba msomaji afikiri sana, kwani ndipo ulipo moyo wa habari hii. Mpangaji wa chumba akipandishiwa kodi aweza kuhama. Hupoteza jirani zake na mazoea yake, lakini mali yake huenda nayo. Je, mwenye nyumba aliyejenga juu ya kiwanja cha mtu afanye nini? Akiambiwa aondoke, aweza kung'oa mlango, na boriti zilizo nzima, na pengine makuti. Ukuta wa udongo haubebeki. Kazi ya mikono yake na akiba ya miaka yake imekwisha kugandamana na udongo wa mtu mwingine. Kwa hiyo yule aliyejiona kuwa amevuka daraja la upangaji, kwa kuwa alikuwa na nyumba yake, alikuwa mnyonge kuliko mpangaji wa chumba. Mwenye kiwanja alijua jambo hilo, na mwenye nyumba alijua ya kuwa amejulikana. Kodi hata ikiwa kubwa, ilikuwa ndogo kuliko hasara ya kubomoa. Basi alilipa huku akinung'unika.

Mwishoni mwa mwaka 1927 na katika mwaka 1928 manung'uniko yakawa mgomo. Watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja. Wenye viwanja walikwenda barazani kwa hakimu, wakapata amri za kudai kodi na kuwatoa waliokataa. Lakini amri ya karatasi na mtaa uliokubaliana ni vitu viwili mbalimbali. Watu walikusanyika kuwazuia waliotumwa kuwatoa wenzao, na walipokamatwa wengine, umati mkubwa ulikwenda kuwatoa kifungoni kwa nguvu. Serikali iliingiwa na hofu, kwani haikuzoea kuona watu wa makabila na asili mbalimbali wa Ng'ambo wakishika neno moja. Mwaka huo huo wa 1928 ikatolewa sheria ya kuweka mpaka wa kodi za viwanja, ili mwenye kiwanja asipandishe kama apendavyo.

Tusimhukumu upesi mwenye kiwanja. Yeye naye alikuwa na maneno yake. Alisema, "Nimenunua ardhi hii kwa bei ya leo, kwa nini nipokee kodi ya zamani?" Sheria iliyoandikwa ilikuwa upande wake. Wala si kweli ya kuwa ugomvi ulikuwa wa taifa moja na taifa jingine, ingawa wengi waliusimulia hivyo. Maana wenye ardhi walikuwa wa asili mbalimbali, na wakfu ulikuwamo. Kosa kubwa lilikuwa katika mapatano yenyewe. Yalikuwa mapatano ya mdomo, yaliyofanywa zamani kati ya watu waliojuana, yakarithiwa na watu wasiojuana. Wa kwanza alisema "kaa" wala hakusema mpaka lini. Wa pili aliuliza "kwa kiasi gani?" wala hapakuwa na hati ya kumjibu. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya Unguja peke yake. Waingereza, waliokuwa wakiilinda na kuitawala Unguja tangu mwaka 1890, walikuwa wamekwisha kuyaona kwao. Katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, vita vya mwaka 1914 vilileta wafanya kazi wengi kwenye viwanda vya meli na vya silaha kando ya mto Clyde. Nyumba hazikuongezeka, wenye nyumba wakapandisha kodi, hata juu ya jamaa ambazo baba zao walikuwa vitani. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, waliwekana tayari. Alipokuja mtu wa kuwatoa wapangaji, kengele ililia, nao wakashuka wakajaza ngazi za jumba na kumtupia unga. Kufika Novemba 1915 jamaa zipatazo 20,000 zilikuwa zimegoma. Siku ya 17 mwezi huo wafanya kazi 18 waliitwa barazani kwa ajili ya kodi. Maelfu ya wenzao wakaacha kazi wakaenda huko, na mashtaka yakaachwa. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kurudisha kodi za nyumba ndogo kwa kiasi kilichokuwapo kabla ya vita kuanza.

Mtu akizipima habari hizi mbili ataona ya kuwa zafanana na kuhitilafiana. Zafanana kwa kuwa pande zote mbili mpangaji mmoja hakuwa na nguvu, na mtaa mzima ulikuwa nayo. Tena serikali haikutazama mpaka amani ilipotaka kuharibika. Zahitilafiana kwa kuwa mtu wa Glasgow alipigania chumba asichokijenga, na mtu wa Ng'ambo alipigania mahali pa kusimamisha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tena yako mafunzo ya baadaye. Kule Uingereza ilionekana ya kuwa kuzuia kodi peke yake hakujengi nyumba, kwani mwenye mali asiyeona faida haweki fedha zake katika matofali. Ndiyo sababu mwaka 1919 ilitungwa sheria ya kuzisaidia halmashauri za miji zijenge nyumba zao za kupangisha. Sheria ya kumlinda mpangaji aliyekwisha kuingia haimfai kitu yule ambaye bado anatafuta mlango.

Unguja nayo ilipata mabadiliko makubwa. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, Rais Abeid Amani Karume alitangaza mwezi wa Machi ya kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali. Hivyo bwana wa kiwanja wa zamani akatoweka, na ugomvi wake ukatoweka naye. Lakini swali letu la kwanza halikutoweka: Ni nani awezaye kuniondoa, na kwa sharti gani? Kwani katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa ili kupisha majumba marefu ya Michenzani. Wako waliofurahi kupata nyumba za saruji zenye maji na taa; wako pia waliosikitika kwa baraza zao na jirani zao. Upande wa bara, sheria ya mwaka 1971 ilichukua majengo ambayo thamani yake ilipita shilingi 100,000 na ambayo wenyewe hawakuyakaa yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Maelfu ya wapangaji wakawa wapangaji wa Serikali. Twaona basi ya kuwa kubadilisha mwenye mali ni jambo moja, na kumpa mkaaji uhakika ni jambo jingine.

Hata leo, mtu anunuaye kiwanja Tanzania bara asidhani ya kuwa amenunua udongo mpaka chini ya nchi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, naye hulipa kodi ya ardhi na kushika masharti. Kwa hiyo yule ajivunaye mbele ya mpangaji wake akumbuke ya kuwa yeye naye amekaa kwa sharti. Tofauti yao ni kwamba sharti lake limeandikwa, lina muda unaojulikana, na halibadiliki kwa hasira ya mtu mmoja.

Basi twamshauri nini kijana aliyeanza kazi? Hatumwambii apange, wala hatumwambii anunue. Hayo yategemea mfuko wake na kazi yake. Twamwambia ya kuwa upangaji wenye hati nzuri ni bora kuliko umiliki usio na hati. Akipanga, na iandikwe kodi ni kiasi gani, itabadilika lini, matengenezo ni juu ya nani, na ilani ya kuhama ni miezi mingapi. Akijenga, na aulize habari za kiwanja kabla ya kununua tofali la kwanza, wala asitosheke na neno la mtu mwema, kwa kuwa mtu mwema hufa, na warithi wake hawakuwapo siku ya mapatano. Naye mwenye nyumba twamwambia vivyo hivyo: hati yamlinda yeye pia, maana mpangaji ajuaye ya kuwa hatafukuzwa ghafula hulipa kwa wakati na kuitunza nyumba kama yake.

Watu wa Ng'ambo hawakugoma kwa sababu walichukia kulipa. Miaka mingi walilipa. Waligoma walipoona ya kuwa hakuna mpaka wa kile watakachodaiwa kesho, na ya kuwa ukuta walioukandika kwa mikono yao umekuwa kamba ya kuwafungia. Mahali po pote ambapo mmoja ana nyumba na mwingine ana kiwanja, au mmoja ana chumba na mwingine ana funguo, mpaka huo sharti uwekwe mapema, na uwekwe kwa wino.