Akiba Iliyooza

Hapa Mabawa mtoto akitumwa dukani anapewa hela, na kondakta wa daladala naye anadai hela. Neno hilo tuliachiwa na Wajerumani. Mwaka 1904 waliigawa rupia yao katika heller 100, na ulimi wetu ukaifanya hela. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Basi, ndugu msomaji, mtawala kaondoka lakini neno lake tunalo mpaka leo. Mimi nataka kuzungumzia kitu ambacho hakikudumu kama neno: zile noti ambazo Wajerumani walizichapa humuhumu nchini ili waendeshe vita vyao.

Vita Kuu ya Kwanza tuliionja mapema sisi wa Tanga. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi, watu kama 8,000, liliteremka kutoka melini, likapigwa na kikosi cha Lettow-Vorbeck chenye watu wapatao 1,000. Nyuki nao waliingilia kati, wakauma pande zote. Habari hiyo kila mtu anaijua. Isiyosimuliwa sana ni kwamba manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na bahari ikifungwa fedha nayo haiingii. Noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank zilikuwa zinachapwa Ujerumani. Wakati huohuo watu wenye rupia za fedha walianza kuzificha. Kwani nani atoe fedha yenye uzito wakati hajui kesho atatawaliwa na nani?

Jeshi lakini lilitaka kula. Lilitaka mtama, mpunga, ng'ombe, na mabega ya wapagazi. Ndipo Machi 1915 zikatoka noti za kwanza za muda, za rupia 20, zilizochapwa Dar es Salaam. Zikafuata za rupia 5, kisha za rupia moja, na nyingine baadaye. Makarani walizitia saini kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kadiri vita vilivyozidi kuwa vikali ndivyo noti zilivyozidi kuwa duni. Za mwaka 1917 zilipigwa kwa herufi za mihuri ya mpira, na zikaja kuitwa noti za porini. Hebu fikiri: dola kubwa ya Kaisari, yenye kofia za chuma na mizinga, inagonga fedha kama karani anavyogonga risiti!

Si kwamba hawakuwa na dhahabu kabisa. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walitengeneza sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini sarafu hizo zilikuwa kama 16,000 tu. Zilitoka pia hela 20 na hela 5 za madini ya kawaida. Kwa mkulima wa kijijini karatasi ilitosha, ati.

Sasa tazama maneno yaliyoandikwa kwenye noti hizo za muda. Zilisema kwamba thamani yake yote imewekwa amana kwa Serikali ya Kaisari ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Maneno mazuri. Lakini Julai 1916 Waingereza waliingia Tanga. Septemba mwaka huohuo wakaingia Dar es Salaam, na Wabelgiji wakaishika Tabora. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Serikali iliyoweka dhamana ilikuwa njiani inakimbia! Aliyeuza gunia lake la mtama kwa karatasi alibaki na karatasi, mtama ukiwa umekwisha kuliwa na jeshi. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ilioza.

Vitabu vya Wazungu huita nchi yetu "nchi iliyotekwa" kuanzia pale Waingereza walipoingia. Mimi nauliza, kwani kabla ya hapo tulikuwa huru? Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, karibu tu na hapa, tarehe 15 Desemba 1889, kwa sababu alikataa kutekwa. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda, na ili uilipe ilikubidi uitafute rupia ya Mjerumani, utake usitake. Kwa hiyo rupia yenyewe, hata ile ya fedha safi yenye kichwa cha Kaisari, ilikuja nyuma ya bunduki. Noti za porini zilituonyesha tu kilichokuwako tangu mwanzo.

Na siyo Mjerumani peke yake. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza lilipowafukuza Waitaliano kutoka Somalia, Eritrea na Ethiopia, askari wa Keya walikuwamo, na vijana wa Tanganyika miongoni mwao. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia nao, ikawa fedha ya huko pia. Ethiopia ilipata fedha yake mwaka 1945. Somalia iliendelea na shilingi mpaka 1950. Karatasi ile haikuoza, lakini sababu ni kwamba aliyeileta alishinda.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa malimbikizo askari wazee waliopigana upande wa Lettow-Vorbeck. Husimuliwa kwamba wengi walifika bila cheti chochote, wakapewa ufagio waushike kama bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, nao wakatii bila kukosea. Mimi siwaonei wivu wazee wale, walikuwa wamesubiri mno. Ila namfikiria aliyetoa mtama, na mpagazi aliyebeba mzigo. Yeye angepimwa kwa amri gani? Mkulima hana gwaride. Cheti chake kilikuwa ile noti.

Siku hizi noti hizo zinauzwa Ulaya kwa watu wanaokusanya vitu vya kale, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni, saini za makarani bado zinasomeka. Zimepata bei tena, lakini bei hiyo haimfikii mjukuu wa mwenye gunia. Watu wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Tunausema kwa kujigamba, kwamba mgeni akija huku haondoki. Mjerumani yeye aliondoka, akatuachia neno hela, na deni.