Pango la Noeli na Nyimbo Zake: Kutoka Greccio hadi Afrika ya Mashariki

Pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu ambao waamini hujenga kanisani kuelekea tarehe 25 Desemba, lina historia ya miaka 800 na zaidi, na katika miaka hiyo yote halikuwahi kuwa nakala ya Bethlehemu, kwa sababu kila taifa lililolipokea limelijenga kwa udongo wake, limelivika mavazi yake na kuliimbia kwa ala zake. Injili ya Luka yenyewe hutaja hori tu, chombo cha kulishia mifugo, wala haisemi lolote kuhusu pango, ng'ombe au punda. Habari ya pango ni mapokeo ya kale, kwani Justino Mfiadini, mzaliwa wa Palestina, aliiandika katika karne ya 2, na katika karne ya 4 Kaisari Konstantino akaamuru kanisa lijengwe juu ya pango lililoheshimiwa huko Bethlehemu. Ng'ombe na punda nao waliingia kutoka sura ya kwanza ya kitabu cha Nabii Isaya, wanapotajwa kuwa wanyama wanaomtambua bwana wao, na wachongaji wa majeneza ya mawe ya Wakristo wa Roma waliwachonga kando ya Mtoto tangu karne hiyo ya 4.

Ibada ya pango kama inavyojulikana leo huhesabiwa kuanza mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio, katikati ya Italia. Siku chache kabla ya Noeli, Fransisko wa Asizi alimwomba Giovanni, bwana wa mahali hapo, aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, kwa kuwa alitamani kuona kwa macho ya mwili dhiki aliyozaliwa nayo Mwana wa Mungu. Tommaso wa Celano, ambaye aliandika maisha ya Fransisko miaka michache baadaye, anaeleza kwamba wanakijiji walikuja usiku wakiwa na mienge na mishumaa, ndugu wa shirika lake wakaimba, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori lenyewe. Fransisko hakuwa padri bali shemasi, na kwa daraja hilo aliiimba Injili kisha akahubiri. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi ni kwamba masimulizi hayo hayataji sanamu ya Maria, ya Yosefu wala ya Mtoto; palikuwa na nyasi, wanyama, wimbo na Ekaristi, na kwa mwandishi huyo hayo yalitosha kuifanya Greccio kuwa Bethlehemu mpya. Muziki, basi, ulikuwa sehemu ya pango tangu usiku wa kwanza, kabla sanamu hazijafika.

Sanamu zilifuata mnamo mwaka 1291, pale Arnolfo di Cambio alipochonga za mawe kwa ajili ya Basilika la Santa Maria Maggiore mjini Roma, wakati wa Papa Nikolao IV, Mfransisko wa kwanza kuwa Papa. Hata hivyo ni mji wa Napoli, katika karne ya 18, ulioligeuza pango kuwa kioo cha maisha ya watu wake. Mafundi wa huko walitengeneza sanamu zenye vichwa vya udongo wa kuchoma, macho ya kioo na viwiliwili vya waya vilivyofungwa katani, wakazizungushia wauza samaki, wenye migahawa na wapiga zampogna, ambayo ni zumari kubwa ya mfuko wa ngozi inayopigwa na wachungaji wa milimani wanaoshuka mjini katika siku za Noeli. Mdundo wa wachungaji hao ndio aliouchukua Alfonso Maria de Liguori, padri wa Napoli na mwanzilishi wa Shirika la Waredentoristi, alipotunga wimbo wa Noeli uitwao Tu scendi dalle stelle mwaka 1754.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, na Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, walileta Noeli ya kwao pamoja na sanamu na nyimbo zake. Liturujia iliimbwa kwa Kilatini, na nyimbo za Ulaya zikatiwa maneno ya Kiswahili, ukiwemo ule wa usiku mtakatifu ulioimbwa kwa mara ya kwanza kwa kufuatana na gitaa katika kijiji cha Oberndorf, Austria, mwaka 1818. Tafsiri hizo zilipendwa na bado zinapendwa, lakini zilikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu wa kwaya analijua: mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali noti nzito ya wimbo wa kigeni huangukia popote, hivyo neno likapindwa ili lifuate tuni.

Suluhisho lilianza kutafutwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1958 huko Kamina, katika Katanga ya Kongo, eneo la wasemaji wa Kiswahili, padri Mbelgiji Guido Haazen, naye Mfransisko, alisimamia kuzaliwa kwa Missa Luba, ambamo maneno ya Kilatini yaliimbwa kwa mitindo ya Kikongo, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Mwaka uliofuata padri Mtanganyika Stephen Mbunga alitunga Missa Baba Yetu, kisha mwaka 1963 kikachapwa kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso ulitangaza hati ya liturujia, ambayo ilifungua mlango kwa lugha za wenyeji na kuagiza kwamba katika nchi za misheni mapokeo ya muziki ya watu yapewe heshima yanayostahili. Ngoma na kayamba za Misa ya mkesha wa Noeli, wakati wimbo wa Utukufu ulionyamaziwa Dominika zote za Majilio unaporudi kwa vigelegele, zinasimama juu ya msingi huo.

Katika sanaa ya macho hatua zimekuwa za polepole zaidi, na hilo linasikitisha. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani mwaka 1959 kuzaliwa kwa Yesu katikati ya watu na mandhari ya nchi ya Wakikuyu, katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya; kazi hiyo ni ya madhehebu mengine, lakini hakuna sababu ya Wakatoliki kutojifunza kwake. Wachongaji wa Kimakonde nao wamechonga familia takatifu kwa mpingo kwa miaka mingi, ingawa sehemu kubwa ya kazi hizo hununuliwa na wageni na kwenda ng'ambo, huku parokia za jirani zikiagiza sanamu za kiwandani. Sanamu za plasta walizoziacha wamisionari zinastahili kutunzwa kama kumbukumbu. Lakini parokia inayonunua pango jipya ingefanya vema kwenda kwanza kwa mchongaji aliye karibu nayo, kama Fransisko alivyoagiza nyasi na ng'ombe kwa watu wa Greccio.