Mary Khavere (Mama Kayai)

Mary Khavere, anayejulikana zaidi kwa jina la Mama Kayai, ni mwigizaji wa vichekesho vya televisheni kutoka nchini Kenya. Alipata umaarufu kwa kuigiza kama mke wa Mzee Ojwang katika Vitimbi, igizo la Kiswahili lililorushwa kwa miaka mingi na Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Jina la uhusika limemfunika: wengi waliomtazama tangu utotoni hawajui kwamba anaitwa Khavere.

Enzi za Vitimbi

Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, ambacho hadi 1989 kiliitwa Sauti ya Kenya. Aliyeonekana humo alionekana na kila mwenye seti, pamoja na majirani waliojazana sebuleni kwake. (Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994.) Igizo lingine mashuhuri la kituo hicho ni Vioja Mahakamani, linaloonyesha kesi za kuchekesha mbele ya hakimu.

Uhusika

Mzee Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau. Sifa nyingi zimemwendea yeye, lakini kichekesho cha mume na mke hakisimami kwa mtu mmoja. Mzee akiropoka, lazima awepo wa kumkatiza, kumsuta, au kumtazama tu mpaka anyamaze. Hiyo ndiyo kazi ya Mama Kayai, na si kazi ndogo.

Wahusika hao walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Kijaluo hakina sauti "sh" wala "z", kwa hiyo "shamba" huweza kusikika "samba". Wanjau mwenyewe hakuwa Mjaluo bali Mkikuyu. Lafudhi ilikuwa sehemu ya uigizaji wake. Mwanafunzi wa fasihi anayetafuta mfano wa lugha inayomtambulisha mhusika kabla hata hajatenda jambo, hapa ameupata.

Jina la Mama Kayai lina maana ya mama yake Kayai. Desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake inajulikana kote Afrika Mashariki, kuanzia Kisumu hadi Bariadi. Huenda ndiyo sababu mojawapo watu walimwona kama jirani yao, na si mwigizaji.

Nje ya igizo

Watazamaji wengi waliamini kwamba Khavere na Wanjau walikuwa mume na mke kweli. Hawakuwa, kila mmoja alikuwa na familia yake.

Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015 jijini Nairobi. Kabla ya hapo alikuwa na matatizo ya macho, na wananchi walichanga fedha za matibabu yake. Kwamba mtu aliyejulikana nchi nzima alihitaji mchango kunaonyesha jinsi umaarufu wa waigizaji wa kizazi hicho usivyolingana na kipato chao.

Baadaye Citizen TV ilileta Papa Shirandula, ambamo Charles Bukeko aliigiza na Jacqueline Nyaminde kama mume na mke. Nyaminde naye sasa huitwa Wilbroda, jina la mhusika wake.